Nilivyofungua Pampu ya Gari la Baba

Gari la baba yangu lilikuwa stesheni wagoni ya dizeli, yenye safu tatu za viti na upole uliopita kiasi. Ilikuwa miaka ya tisini, tunaishi Thika, na majirani walikuwa na magari ya petroli yanayonguruma mara moja na kupotea. Letu lilikuwa linafikiria kwanza. Ukikanyaga mafuta lilikohoa, likatulia, kisha likaondoka kama mtu aliyeitwa jina lake na hajaamini ni yeye. Baba alilipenda hivyo hivyo. Alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kuvaa koti hata Jumamosi, na kila asubuhi aliliacha lingurume dakika tano kabla ya kulitoa langoni. Sikumbuki akivuka kilomita sitini kwa saa. Kati ya Thika na Ruiru tulipitwa na malori ya kokoto, tukapitwa na trekta, na siku moja tukapitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba kabichi, ingawa baba alishikilia mpaka mwisho kwamba yule wa baiskeli alikuwa anateremka.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani mdogo katika kiwanda cha nguo, na nilikuwa na haraka. Nilikula kwa haraka, nilitembea kwa haraka, na nikiandika barua nilisahau kuweka jina langu chini. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa tabia tu. Kwangu ilikuwa kesi, na hakimu alikuwa anaishi Murera.

Nilikuwa nimempenda msichana wa Murera, ng'ambo ya mto Theta. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta mstaafu, mzee aliyemaliza ujana wake akikarabati injini za dizeli kwenye mashamba ya mananasi. Binti yake wa kwanza alikuwa ameolewa na kijana mmoja mwenye haraka zake, akarudi nyumbani na watoto wawili na sanduku lisilo na mfuniko. Kwa hiyo wazee wetu walipokwenda mara ya kwanza kubisha hodi, yule mzee aliwaambia bila kuzungukazunguka.

"Mimi siogopi mtu hana kitu," alisema. "Naogopa mtu wa haraka. Huyu kijana wenu nitamwangalia. Siku mtaleta ruracio ndiyo nitawaambia kama nimekubali ama nimekataa."

Ruracio ni ile siku ya kupeleka mahari, na kwetu siku hiyo huwa sherehe, haiwi tena siku ya kuuliza kama unatakiwa. Yeye aliigeuza kuwa mtihani. Ningekuwa na akili, maneno hayo yangenitosha. Ningeanza kutembea polepole siku hiyo hiyo.

Lakini siku hiyo ya kwanza kulikuwa na jambo jingine lililonichoma zaidi. Ukitoka mtoni Theta kwenda kwao kuna mlima wa udongo mwekundu, na gari la baba, likiwa na wazee saba ndani, lilifika katikati ya mlima huo likakata shauri. Halikuzima. Lilibaki linanguruma kwa adabu, magurudumu hayaendi. Wazee wakashuka wakasukuma. Shangazi yangu, aliyekuwa amevaa viatu vya harusi ya mtu mwingine, aliacha kiatu kimoja kwenye matope akaingia kwa wakwe akichechemea. Wanawake wa pale walikuwa wameona kila kitu kutoka langoni, na kabla hatujakaa walikuwa wameshatunga wimbo kuhusu wageni wanaosukuma kiti chao wenyewe. Kila mtu alicheka. Hata msichana wangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

Nilirudi Thika nimebeba kicheko hicho tu. Lile neno la mzee kuhusu haraka lilibaki Murera.

Siku mbili kabla ya ruracio nilimwomba baba gari, nikamwambia nalipeleka kuangaliwa breki. Breki kweli ziliangaliwa. Nilishuka nikaziangalia mwenyewe. Kisha nikaenda moja kwa moja Ruiru, kwa fundi mmoja aliyefanyia kazi chini ya mkalitusi, na ambaye sifa zake zilikuwa zimefika mpaka kiwandani kwetu. Alikuwa na ovaroli iliyoshiba mafuta hivi kwamba ilisimama wima hata alipoivua.

"Sasa buda," alisema, akafungua boneti bila kuuliza. "Hii kitu ni ya dizeli na inatembea kama cucu wa miaka tisini anaenda kanisa. Shida nini?"

"Mlima."

"Hakuna mlima. Kuna pampu imefungwa na watu waoga." Akanionyesha pampu ya dizeli, na nyuma yake skrubu ndogo yenye nati, imefungwa kwa waya na lakiri ya risasi. "Unaona hapa? Nguvu zote zinakaa hapa. Walizitengeneza, halafu wakazificha."

"Na hiyo lakiri?"

"Hiyo ni ya kutisha watu kama baba yako." Akaikata kwa koleo kabla sijasema ndiyo.

Nilimuuliza ubaya wa kazi hiyo ni upi, na kwa haki yake lazima niseme hakunificha hata kidogo. "Ubaya? Moshi kidogo. Itakunywa dizeli kuliko zamani. Mlimani usikanyage muda mrefu, itashika moto, na ikishika moto sana gasketi ya hedi inakwenda. Klachi nayo ni mzee. Lakini hiyo ni kawaida."

Katika maneno yote hayo nilisikia "kawaida".

"Hii haina turbo," akaendelea, kwa subira niliyopaswa kuiheshimu. "Hewa inayoingia ni ile ile. Dizeli ni ugali, hewa ni mboga. Ukiongeza ugali na mboga ni ile ile, utashiba, lakini utakabwa. Tuzungushe nusu."

Akazungusha nusu. Injini ikabadilisha sauti, ikawa ya mtu aliyetukanwa.

"Ongeza nusu nyingine," nikasema.

"Buda, nusu inatosha."

"Ongeza."

Aliniangalia kidogo, akainua mabega, akaongeza. Sasa injini ikawa inanguruma peke yake hata bila kukanyagwa mafuta, ikabidi aitulize kwa skrubu nyingine, na akaituliza mno, mpaka gari likisimama linatetemeka kama limetoka mtoni. Akanionya kuwa nikilisimamisha linaweza kuzima, na likishapata joto kuliwasha tena ni kazi. Dawa yake ilikuwa rahisi: nisiondoe mguu kwenye mafuta.

Nilivyorudi Thika siku hiyo sitasahau. Karibu na Juja kulikuwa na lori la ng'ombe mbele yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya gari lile, nililipita lori. Nililipita kwa furaha, naimba. Nikatazama kwenye kioo nimwone dereva wa lori akiwa nyuma yangu, sikumwona. Sikuona lori, wala barabara, wala Juja. Nyuma yangu kulikuwa na weusi mtupu, na kutoka ndani ya weusi huo nilisikia ng'ombe wakilalamika.

Nikajiambia moshi utapungua ukizoea. Sijui moshi huzoea nini.

Siku iliyofuata baba aliendesha mpaka posta na kurudi. Alishuka akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Hili gari limepona," alisema.

"Labda ni ile dizeli ya kituo kipya, baba."

Akalifikiria jambo hilo kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu. "Labda," akasema. Kisha akasimama kitambo akitazama ukuta wa jirani, uliopakwa chokaa mwezi uliopita, na sasa ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa mlango mahali ambapo gari huanza safari. Hakuuliza kitu. Nilimpenda sana kwa kutouliza, na nikamwona amezeeka, haelewi mambo ya kisasa.

Jumamosi ikafika. Kwa kuwa baba alikuwa mmoja wa wazee wa siku hiyo, hakuendesha. Alikaa mbele na koti lake, nikaendesha mimi. Nyuma walikaa mama, shangazi wawili, na baba mdogo aliyekuwa msemaji wetu, na nyuma yao kabisa blanketi, sukari, makreti ya soda na shuka za mama mkwe. Pikapu ya mjomba ilitufuata na mbuzi, pamoja na kondoo mmoja jike mweupe ambaye mama alimwosha kwa sabuni ya kufulia asubuhi hiyo, akamsugua mpaka masikio. Mjomba alikuwa ameagizwa atufuate karibu karibu, asije akapotea njia. Alitii.

Tulipofika mtoni Theta nikawaambia wote washike. Shangazi wa kile kiatu akafunga macho. Nikakanyaga.

Gari liliupanda mlima ule. Naandika haya nikiwa mtu mzima aliyejuta, lakini bado moyo wangu unaruka nikikumbuka. Lilipanda kama linakwenda kupigana. Baba alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili na koti lake likapanda mpaka masikioni. Pale tuliposukuma mara ya kwanza tulipita bila hata kupunguza gia, na shangazi akafumbua macho akasema, "Haiya! Kumbe linaweza!" Nilijiona mwanamume. Sindano ya joto ilikuwa imelala upande wa nyekundu, nikaona ni sawa, hata mimi nilikuwa na joto.

Lango la wakwe lilikuwa juu kabisa, na mlima haukuisha mpaka ufike hapo. Hapo ndipo nilifanya kosa ambalo mpaka leo watu wa Murera wanalitumia kueleza watoto wao. Nilifikiri: mizigo iko nyuma, kwa hiyo nikiligeuza gari na kurudi kinyumenyume mpaka langoni, akina mama watapakua kwa urahisi. Wazo zuri la mtu mwenye adabu. Nikageuza, nikarudi nyuma, nikasimama hatua mbili kutoka langoni, na bomba la moshi likaelekea ndani.

Sasa lazima ujue mila yenyewe. Siku ya ruracio wageni hawaingii tu. Wanawake wa upande wa msichana hulifunga lango, husimama nyuma yake wamependeza, na huimba wakiuliza nyinyi ni nani, mmetoka wapi, mmeleta nini. Wageni hujibu kwa wimbo. Hufanyiwa mzaha, hudaiwa hiki na kile, na shughuli hiyo inaweza kuchukua nusu saa. Anayeondoka langoni kabla wageni hawajajibu vizuri amewashushia watu wake heshima. Hakuna mwanamke wa kwao ambaye angekubali kuwa wa kwanza kuondoka.

Walikuwa kama ishirini, na mbele yao mama mkwe mtarajiwa, kitambaa cheupe kichwani, blauzi nyeupe ya chama cha akina mama wa kanisa. Wakaanza kuimba. Gari likaanza kutetemeka, likitaka kuzima. Nikikumbuka onyo la fundi, nikakanyaga.

Wingu la kwanza liliwafunika kuanzia kiunoni. Wimbo ulipotea kidogo, ukarudi. Shangazi zangu walikuwa wameshashuka wakijibu. Nao wakaanza kukohoa katikati ya jibu. Gari likatetemeka tena. Nikakanyaga tena. Wingu la pili likawafunika kabisa, na nikasikia sauti ya mama mkwe kutoka ndani ya giza, bado iko kwenye wimbo, inauliza kama tumeleta mahari au tumekuja kuchoma makaa.

"Zima hilo gari!" baba mdogo akaniambia dirishani.

"Nikizima halitawaka!"

"Kwani unakwenda wapi? Si tumefika?"

Ni swali ambalo mtu mwenye haraka hawezi kulielewa. Nikakanyaga mara ya tatu. Pikapu ya mjomba ilikuwa ndiyo inafika. Kondoo wa mama alishushwa, na alikuwa wa kijivu kilichokolea, macho tu ndiyo meupe. Mwanamke mmoja langoni akapaza sauti kwamba wanakataa kondoo aliyezaliwa kwenye bomba la moshi. Mama yangu akakaa juu ya kreti la soda akaficha uso kwa mikono, nikadhani analia. Baadaye aliniambia alikuwa anacheka, na hakutaka wakwe waone.

Kisha pakasikika mlio mmoja chini ya boneti, si mkubwa, kama mtu anayevunja kijiti gotini. Moshi mweusi ukaisha. Mvuke mweupe ukatoka mbele, ukajaa, na gari likazima lenyewe. Wimbo nao ukakatika.

Katika ukimya huo baba mkwe alitoka kwa lango dogo la pembeni. Akaja akiwa na fimbo yake, akafungua boneti kwa kitambaa, akangoja mvuke upungue. Aliinama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikitazama viatu vyangu, na nilijua anachokiona: waya uliokatwa, nati yenye alama mpya za spana, skrubu iliyozungushwa hadi mwisho. Mtu aliyeishi na dizeli miaka yote hiyo hahitaji kuambiwa. Nyuma ya lango nilimwona msichana wangu, masizi shavuni, na hakuwa anacheka tena. Alikuwa anamwangalia baba yake.

"Nani alifungua hii pampu?" mzee akauliza.

Nilifungua mdomo. Sijui kama ningesema kweli. Nimejiuliza mara nyingi na kila mara najipa jibu zuri, lakini ukweli ni kwamba hakuna kilichotoka.

"Ni mimi," baba akasema.

Nilisikia koti lake likisugua bega langu alipopita kwenda mbele. Akasimama pale kwenye boneti, karani wa mahakama, mzee wa kilomita sitini kwa saa, na wakwe wote wamemtolea macho.

"Wewe, mzee?" baba mkwe akauliza. "Na umri huu, unafungua pampu?"

"Nilitaka tufike," baba akasema.

Baba mkwe alimwangalia. Akaniangalia mimi, nikaangalia viatu. Akamwangalia baba tena, kisha akashusha boneti taratibu, bila kuipiga.

"Basi mmefika," akasema. "Akina mama, fungueni lango."

Sherehe ikawa sherehe. Mama mkwe alinawa uso akaimba upya, na baba mkwe akasimama mbele ya watu akasema amekubali. Jioni alitoa trekta yake ya zamani akatuvuta mpaka Thika, pole pole, baba akishika usukani na mimi kando yake. Kwa saa mbili alitazama kamba ya trekta tu. Tulipofika nyumbani akatoa ufunguo, akaniambia, "Hiyo skrubu irudishwe." Hedi ya injini ilichongwa, gasketi mpya ikawekwa, pampu ikafungwa na fundi mwingine, na gari likarudi kupitwa na baiskeli. Baba hakunigombeza. Ningependa angenigombeza, kwa sababu ningejitetea, na katika kujitetea pengine ningesema asante.

Nilikaa kwenye ndoa miaka mingi kabla ya kupata ujasiri. Siku moja nilikuwa Murera nikimsaidia baba mkwe kufungua injini ya kuvutia maji shambani, mikono yetu sote wawili imejaa grisi, nikamwambia. Kwamba aliyefungua ile pampu hakuwa baba. Ni mimi.

Hakuinua hata kichwa. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku hiyo hiyo. Baba yako alisema ni yeye alifungua pampu, na mkono ameuweka kwa betri."

"Sasa mbona ulifungua lango?"

"Nilikuwa nimekataa," alisema. "Kwa roho yangu nilikuwa nimemaliza, huyu ni wa haraka, mpeni chai arudi kwao. Halafu nikaona mzee amevaa koti anadanganya mbele ya watu wote kwa ajili yako, na hata kudanganya hajui. Nikasema, mtoto wa huyu, kama ni mjinga, atafunzwa." Akanipa spana. "Msichana nilimpa yeye. Wewe ulikuwa dereva."

Nilicheka, kisha kicheko kikanishinda kikageuka kilio. Baba alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla. Katika ugonjwa wake wa mwisho alinishika mkono mchana mmoja, akaangalia mlango kama kuna mtu anatusikiliza, akaniambia kwa sauti ya chini, na kwa fahari ambayo sikuwahi kumwona nayo, kwamba mzee wa Murera hakushuku kitu hata kidogo.